Kutu ya bodi kwenye gari za zamani: namna ya kuchagua njia ya kuitoa ukiwa Unguja au Pemba

Gari iliyokulia visiwani ina kutu yenye tabia yake. Bara, mbali na pwani, chuma kinaliwa na maji na hewa. Huku kwetu anaongezeka wa tatu, naye ni chumvi. Upepo wa kusi unaichukua kwenye mawimbi ya Jambiani na Makunduchi ukaiingiza ndani ya milango, chini ya mazulia na katika kila mshono wa bati. Chumvi hiyo hujificha chini ya kutu, ndani ya vishimo vidogo mno, ikawa inavuta unyevu wa hewa mchana na usiku. Chuma kisafi huanza kushika kutu unyevu wa hewa ukipindukia kiasi cha asilimia 60. Chenye chumvi hakingoji kufika hapo, na hewa ya visiwani hupindukia kiwango hicho karibu kila usiku.

Ndiyo maana gari inaweza kupigwa msasa mpaka ikang'aa, ikapakwa rangi nzuri mwezi wa Januari, na masika yakimalizika rangi imeshavimba palepale. Watu hulaumu rangi. Mara nyingi rangi haina kosa: chumvi ilibaki chini yake, kama kidonda kilichofungwa kikiwa na usaha.

Nayaandika haya kwa sababu gari hizi zinakwisha. Morris Minor, Peugeot 404, Volkswagen zile za mgongo wa duara, Land Rover zilizopanda vilima vya Pemba na magunia ya karafuu: kila bodi inayoharibiwa kwa njia isiyoifaa haipati mwenziwe wa kushika nafasi yake. Basi kabla ya kushika chombo chochote, jiulize mambo matatu. Bati hili lina unene gani? Kutu imekwenda kina gani? Na nikimaliza, nitaweza kulisuuza na kulikausha lote? Majibu hayo ndiyo yachague njia, si mashine aliyonayo fundi siku hiyo.

Kwanza, ijue kutu yako

Tafuta sumaku ndogo uifunge kitambaa isikwaruze, bisibisi butu, nyundo nyepesi na taa nzuri. Pitisha sumaku polepole juu ya bodi nzima. Inapolegea, chini yake kuna puti nene, ule uji mzito wa kujazia mabonde ya bodi, au hamna chuma kabisa. Gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, bati lililoliwa hutoa sauti ya kufa. Pale unapotilia shaka, sukuma kwa ncha ya bisibisi bila huruma. Ni heri litoboke leo, kuliko baada ya kulipaka rangi.

Utakuta kutu za namna tatu. Ipo ya juu, rangi ya machungwa, inayotoka ukiisugua na kuacha chuma laini. Ipo ya vishimo, ambayo ukishaisugua chuma kinabaki na madoa meusi yaliyozama; hii ndiyo inayobeba chumvi na ndiyo inayodanganya wengi. Na ipo iliyotoboa, au iliyobakisha bati jembamba kama karatasi. Chora kwa chaki kila sehemu na aina yake, piga picha, ndipo uendelee.

Ujue pia pa kutazama. Morris Minor, iliyotengenezwa kuanzia 1948 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, haina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito, kwa hiyo mihimili ya chini ya milango, boriti inayokatiza chini ya sakafu na vishikizo vya springi za nyuma vikiliwa, gari inapinda. Volkswagen huoza mihimili ya pembeni inayopitisha hewa ya moto, na sakafu ya chini ya kiti cha nyuma, maana betri hukaa hapo na tindikali yake humwagika. Land Rover za zamani zina sehemu kubwa ya bodi ya aluminiamu, lakini chesisi na ukuta wa mbele unaobeba dashibodi ni chuma. Aluminiamu na chuma vikigusana penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, ikatoa unga mweupe. Usiuite unga huo kutu ukautilia dawa ya kutu: karibu dawa zote nitakazozitaja hapa chini huidhuru aluminiamu.

Pili, osha kabla ya kukwaruza

Hatua hii hurukwa, nami naiona ndiyo nusu ya kazi. Ukianza na grinda kwenye bodi yenye chumvi, brashi inaikandamiza chumvi ndani ya vishimo na kutandaza uchafu juu yake. Osha kwanza kwa sabuni ya kukata grisi, kisha kwa maji mengi ya msukumo, chini ya gari zaidi kuliko juu. Ingiza mpira wa maji ndani ya mihimili na milango mpaka maji yatoke meupe kwenye matundu ya chini.

Na maji yenyewe uyachague. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi; yaonje. Ikiwa ulimi unaisikia chumvi, usiyatumie hata kidogo. Maji ya mfereji yakiwa matamu yanafaa, na ya mvua yanafaa zaidi kwa suuzo la mwisho. Mwenye banda la bati aweke mapipa wakati wa masika, aache mvua ya kwanza ioshe paa, ndipo akinge.

Rangi ya zamani mara nyingi ina risasi. Isuguliwe kwa msasa wa maji, usivute vumbi lake, na watoto wasicheze karibu.

Tatu, chagua njia kwa sehemu

*Msasa, brashi ya waya na grinda.* Hizi zinatosha kwa kutu ya juu kwenye madigadi, boneti, paa na milango. Bati la gari hizi lina unene wa kiasi cha milimita 0.8 hadi 1. Grinda yenye jiwe gumu inakula unene huo kwa muda mfupi, na joto lake linalivimbisha bati lisirudi kuwa tambarare. Tumia diski ya msasa wa matabaka au diski laini ya kuondolea rangi, usikae mahali pamoja, na kila mara weka kiganja: kikishindwa kuvumilia joto, hamia kwingine. Brashi ya waya ina hila moja. Hung'arisha kutu ya vishimo ikafanana na chuma. Weusi unaong'aa bado ni kutu.

*Kupuliza mchanga.* Kwa chesisi ya Land Rover, ringi za magurudumu na mikono ya springi, hakuna njia iliyo haraka zaidi, na inafika kwenye kona ambazo brashi haifiki. Kwa boneti, paa na ngozi ya mlango, mimi nakataa. Punje zinapolipiga bati jembamba kwa msukumo mkubwa hulinyoosha uso wake, nalo linajikunja. Hakuna fundi bodi atakayelirudisha sawa bila puti nyingi.

Kuna mambo mawili ya visiwani kuhusu njia hii. La kwanza, mchanga wa ufukweni usitumike kamwe. Mwingi wake hapa ni vumbi la matumbawe na makombe, laini, halafu umejaa chumvi. Utakuwa unaipandikiza chumvi ndani ya chuma ulichotaka kukiokoa. Hata mchanga wa shamba una silika, ambayo vumbi lake huharibu mapafu kwa ugonjwa usio na tiba. Punje za ganeti au za oksidi ya aluminiamu ndizo zinazofaa, pamoja na kofia yenye hewa safi kwa anayepuliza. La pili ni kompresa. Hewa yetu ina maji mengi, na kompresa huyakamua yakatoka pamoja na punje. Bila chujio la maji kwenye bomba, chuma kinapata kutu ya rangi ya chungwa kabla hujazima mashine.

*Tindikali.* Hapa pana hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu inayopatikana kwa urahisi madukani ndiyo mbaya. Tindikali ya kusafishia vyoo na vigae ni ya haidrokloriki. Inakula kutu mbele ya macho yako na inamfurahisha kila anayetazama, lakini inaacha kloridi, yaani jamaa yule yule wa chumvi ya bahari, ndani ya vishimo na mishono. Kwa gari ya kisiwani ni kumwongezea mgonjwa maradhi. Tindikali ya betri nayo iache: inachoma ngozi na macho, na inakula chuma kizima sambamba na kutu.

Ya fosforiki ndiyo ya bodi. Inayeyusha kutu na kuacha tabaka jembamba la fosfeti linalosaidia praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, kushika. Ipake kwa brashi kwenye bati lililokwishasuguliwa, liweke majimaji kiasi cha dakika 15 hadi 30 bila kuliacha likauke, sugua kwa brashi ya waya, suuza, kausha. Kama chupa ina maelekezo tofauti, fuata ya chupa. Isiingie kwenye mishono iliyofungana ambayo huwezi kuisuuza, kwani itabaki humo. Vaa glavu za mpira na miwani, na unapochanganya tindikali yoyote, mimina tindikali ndani ya maji, wala si maji ndani ya tindikali.

Kwa vitu vinavyofunguka, kama bawaba, vishikizo na bampa isiyo ya kroma, tindikali ya upole inatosha. Masinia ya shaba ya nyumbani kwetu yalisuguliwa kwa ndimu na ukwaju, na kazi ile ile inafanywa na asidi ya sitriki, ule unga mweupe unaotiwa kwenye jemu na sharubati. Gramu 50 hadi 100 kwa lita moja ya maji, kipande kizame chote, ukitazame baada ya saa chache na usikiache zaidi ya siku moja, kwani kutu ikiisha inageukia chuma. Siki nayo inafanya kazi, ila polepole.

*Molasi.* Inapendwa na wenye subira. Sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, ndani ya pipa la plastiki lenye kifuniko, wiki moja hadi tatu. Inafungamana na kutu na kuiondoa, huku chuma kizima kikibaki karibu kama kilivyo. Unguja kiwanda cha sukari kiko Mahonda, na wafugaji wanaijua molasi kwa chakula cha ng'ombe, hivyo waulize wao kwanza. Kipande kizame kabisa, la sivyo kitachorwa mstari pale maji yalipoishia. Aluminiamu na vitu vyenye zinki visitiwe humo. Pipa likae mbali na nyumba: linachacha, linanuka na linavuta nzi.

*Umeme na magadi.* Nikiambiwa nichague njia moja tu kwa gari zetu, nachagua hii. Sababu yake ni chumvi. Njia nyingine zinaondoa kutu na kukuachia wewe kazi ya kuitafuta chumvi. Hii inaivuta chumvi kutoka ndani ya vishimo, na ndiyo njia ambayo wahifadhi wa makumbusho hutumia kwa mizinga na nanga za chuma zilizoopolewa kwenye meli zilizozama.

Chukua pipa au beseni kubwa la plastiki. Jaza maji matamu, tia magadi ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4. Magadi ya mawe ya sokoni si safi vya kutosha, mara nyingi yamechanganyika na chumvi ya kawaida. Ukikosa ya kufulia, chukua soda ya kuokea, itandaze kwenye sinia na uitie katika oveni ya nyuzi 200 kwa saa moja. Itageuka kuwa hiyo hiyo sodiamu kaboneti.

Pembezoni mwa pipa simamisha vipande vya nondo au bati chakavu, uviunganishe pamoja kwa waya. Kipande chenye kutu kining'inie katikati bila kugusa nondo. Waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12 uende kwenye kipande chako, waya chanya uende kwenye nondo. Ukibadilisha, gari yako ndiyo itakayoliwa. Chaja iwe ya kizamani, maana za kisasa zinazojiendesha hukataa kuwaka bila betri. Washa, na baada ya muda mfupi utaona mapovu yakipanda kutoka kwenye kipande.

Mapovu hayo ni haidrojeni, gesi inayolipuka. Fanya kazi hii nje au kwenye banda lililo wazi pande mbili, pasiwe na sigara wala mashine ya kuchomea karibu, na uchomoe chaja kwenye umeme kabla ya kutia mkono majini. Usitumie vyuma visivyoshika kutu mahali pa nondo: vina kromi inayogeuka sumu ndani ya maji. Na usitie chumvi ili kuharakisha, itatoa klorini.

Umeme huu hufanya kazi pale nondo inapokikabili kipande, hivyo kigeuze au zungushia nondo pande zote. Kipande kidogo kinataka usiku mmoja. Chenye vishimo vingi kinataka siku mbili tatu, na maji yabadilishwe katikati, kwa sababu chumvi iliyotoka imo mle. Kikitoka kitakuwa na masizi meusi. Yasugue chini ya maji yanayotiririka. Mlango mzima au boneti inawezekana ukichimba shimo na kulitandika karatasi nzito ya nailoni, ila chaja iwe ya nguvu na uwe na wasaa.

Springi, boliti za breki na za mikanda ya usalama zisitiwe kwenye tindikali wala umeme. Chuma kigumu hunyonya haidrojeni kikawa rahisi kuvunjika. Vinunuliwe vipya.

*Dawa ya kugeuza kutu.* Ile inayopakwa ikawa nyeusi mara nyingi ina tanini, ambayo hushikana na kutu ikatengeneza tabaka tulivu. Magome ya mikoko yana tanini kwa wingi, na zamani yalisafirishwa kutoka pwani yetu kwenda kutengenezea ngozi; hata hivyo usiende kuibambua mikoko kwa ajili ya gari, nunua ya chupa iliyopimwa. Dawa hii hugeuza kutu nyembamba tu. Juu ya kutu nene hugeuza ngozi ya juu, na chini kazi inaendelea. Naiacha kwa pembe ambazo hakuna chombo kinachofika.

*Kukata na kuchomea.* Kutu iliyotoboa haina dawa nyingine. Kata mpaka ufike kwenye bati jeupe, hata shimo likiwa kubwa mara tatu ya ulivyodhani. Kwa Morris Minor, kabla ya kukata mihimili ya chini ya milango, funga vyuma vya kushikilia kwenye uwazi wa milango yote. Bodi ikilala sentimita moja, milango haitafunga tena. Mashine ya kuchomea kwa waya ndiyo inayofaa bati jembamba. Fundi aweke nukta mojamoja zilizoachana, aziache zipoe, asivute mstari mrefu. Toa tangi la petroli na ufungue betri kabla ya cheche ya kwanza.

Nne, hakikisha chumvi imetoka

Kwa bati la nje ambalo haliwezi kuingia pipani, fanya hivi. Likishakuwa safi, lioshe kwa maji ya moto matamu ukisugua kwa brashi ngumu, likaushe, uliache usiku kucha ndani ya banda bila kulipaka kitu. Asubuhi litazame kwa karibu. Kutu nyepesi iliyoenea sawasawa ni ya unyevu tu. Vidoa vyeusi au vilivyolowa, vilivyokaa mahali maalumu, ni chumvi. Visugue hivyo, osha tena kwa maji ya moto, uliache usiku mwingine. Rudia mpaka vidoa visirudi. Mafundi wengi hawana muda wa hili, kwa hiyo mwenye gari alifanye mwenyewe.

Tano, funga siku hiyo hiyo

Kutu nyepesi ya usiku wa mwisho itolewe kwa msasa, vumbi lifutwe kwa kitambaa na kiyeyusho cha rangi, na praima ya epoksi ipakwe kabla jua halijashuka. Subiri asubuhi bati lipate joto, kwani umande usioonekana hukaa juu yake. Kati ya saa nne na saa tisa mchana ndio wakati mzuri. Miezi ya Januari na Februari, na ile ya kipupwe kuanzia Juni, inafaa. Masika usianze kabisa kufunua bodi, na Pemba ndiyo zaidi, kwa kuwa mvua yake huizidi ya Unguja. Banda likiwa upande wa pwani ya mashariki, ziba upande wa bahari kwa turubai kabla hujafungua hata mlango mmoja. Puti ipakwe juu ya epoksi. Puti hunyonya maji, na ikikaa juu ya bati tupu inayapeleka moja kwa moja kwenye chuma.

Mihimili na milango ndani ipulizwe nta ya kuzuia kutu kwa mpira mwembamba, baada ya rangi kukauka na kuchomea kote kumalizika. Wenye majahazi walipaka mbao sifa, yaani mafuta ya papa, kila msimu ili bahari isizile. Nta ya gari nayo si ya mara moja, irudiwe kila mwaka kabla ya masika. Mafuta machafu ya injini yasipakwe chini ya gari: yanaharibu mipira, yanachafua ardhi, na yanaoshwa na mvua za mwanzo. Mwisho, pitisha waya kwenye kila tundu la kutolea maji chini ya milango na mihimili, uhakikishe nta haikuyaziba.